Mzee alisema hakugusa kifyatulio

Wasomaji wangu, leo natoka kidogo nje ya mambo ya kompyuta. Lakini vumilieni, tutarudi huko huko. Kisa hiki nimekibeba tangu Januari 2009, na kila nikifundisha vijana kazi hii ya kuandika programu huwa nakisimulia. Nimeona afadhali nikiandike mara moja.

Wakati ule nilikuwa Minnesota, Marekani, kwa mkataba wa kazi wa miezi minane. Nilipanga chumba cha chini kwenye nyumba ya mzee mmoja mjane, aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi kama fundi mchongaji wa vyuma kiwandani. Nilimzoea kumwita "Mzee". Alipouliza maana yake nikamweleza, akacheka, na tangu siku hiyo hakutaka nimwite kwa jina lingine.

Mzee alikuwa na bastola kuukuu. Kwetu Kenya hadithi ingeishia hapo, maana bila leseni ya serikali hata risasi moja ni kesi mahakamani. Kule alikuwa ameinunua dukani miaka ya tisini, wakati akiba za majeshi ya Ulaya Mashariki zilipokuwa zikiuzwa kwa bei nafuu. Ilikuwa vz. 52, bastola ya jeshi la Chekoslovakia iliyobuniwa na ndugu wawili, Jan na Jaroslav Kratochvíl. Hubeba risasi nane za milimita 7.62 kwa 25, zile za Tokarev. Ni risasi ndogo kwa umbo lakini zenye kasi kubwa.

Jioni moja nikasikia mlipuko mmoja kutoka gereji ya nyumba. Nilipanda ngazi mbio. Nilimkuta Mzee amesimama, uso mweupe kama chaki, bastola imeelekezwa ndani ya ndoo ya mchanga. Binti yake, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alikuwa mlangoni amejishika kichwa.

"Sikugusa kifyatulio," Mzee akasema. Akarudia mara tatu.

Binti hakumwamini. Nami, niseme ukweli, sikumwamini. Mzee alikuwa na miaka 78, na mara mbili mwezi ule alikuwa amesahau sufuria jikoni. Binti alikuwa ameshaanza kuulizia nyumba za kutunzia wazee. Sasa alikuwa na sababu ya mwisho. Akasema wazi kwamba baba hawezi tena kuishi peke yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza ni mara ngapi nimesikia maneno kama yale kazini. "Sikubonyeza kitu, imejifanya yenyewe." Na ni mara ngapi nimejibu moyoni, "Umebonyeza, hukumbuki tu."

Asubuhi nikamwomba Mzee anieleze alichofanya, hatua kwa hatua, kama ambavyo ningemuuliza mtumiaji wa programu. Akanieleza hivi:

1. Aliweka magazini yenye risasi.
2. Alivuta slaidi nyuma na kuiachia, risasi ikaingia kwenye chemba na nyundo ikabaki imesimama.
3. Aliielekeza bastola kwenye ndoo ya mchanga, kama kawaida yake.
4. Alisukuma kitenzo cha usalama juu kabisa ili nyundo ishuke salama. Hapo ndipo ilipolia.

Hatua ya nne inahitaji maelezo. Kitenzo cha bastola hii kina sehemu tatu. Kikiwa chini, iko tayari kufyatua. Kikiwa katikati, imefungwa. Ukikisukuma juu zaidi, nyundo inaachiwa, lakini inatakiwa kudakwa njiani na pengo lililochongwa kwenye nyundo, kabla haijaigonga pini. Na kama haikudakwa, kuna ulinzi wa pili: kizuizi kidogo ndani ya slaidi kinachoishika pini isisogee, mpaka kifyatulio kivutwe. Yaani ni milango miwili. Ili risasi ilie bila kifyatulio, yote miwili lazima ishindwe kwa wakati mmoja.

Haya, tukaanza uchunguzi. Kwanza risasi zote zilipelekwa chumba kingine na kufungiwa. Magazini ikatolewa. Slaidi ikavutwa, tukaangalia chemba kwa macho, kisha Mzee akaingiza kidole kuhakikisha. Kila mara tulipoiweka chini na kuishika upya, tulirudia yote hayo. Nilianza kuchoka, Mzee hakuchoka.

Kisha akaniletea penseli. Alisema ni kipimo cha mafundi wa zamani. Unaiingiza penseli kwenye mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, mpaka ikae karibu na pini. Pini ikigongwa, penseli inaruka. Isipogongwa, penseli inatulia. Alikuwa ameshabadilisha pini ya asili na kuweka imara zaidi, maana zile za asili zinasifika kwa kuvunjika ukifyatua bila risasi.

Mezani jikoni tulivuta kifyatulio mara moja. Penseli ikaruka. Vizuri, kipimo kinafanya kazi. Kisha tukaisimamisha nyundo na kuishusha kwa kitenzo, mara ishirini. Penseli haikusogea hata mara moja.

Binti akatuangalia, akanyamaza. Mzee akainamisha kichwa.

Wenzangu waandishi wa programu mnaujua wakati huo. Mteja anapiga simu, unajaribu kwenye mashine yako, kila kitu kinakwenda sawa, unafunga faili. Mimi nilikuwa tayari kufunga faili. Kilichonizuia ni swali dogo tu: jikoni kulikuwa na joto, na gereji je? Ilikuwa Januari ya Minnesota. Nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na gereji haikuwa na kipasha joto.

Tukahamia gereji. Tukaiacha bastola kwenye benchi saa nzima ipoe, sisi tukinywa kahawa. Tukarudia yale yale: kifyatulio mara moja, kisha kitenzo mara ishirini. Mara ya sita penseli iliruka, ikagonga mlango wa gereji. Mara ya tisa tena. Mpaka tunamaliza ilikuwa imeruka mara nne.

Mzee hakusema kitu. Alikaa tu kwenye kiti chake cha plastiki, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Tukaifungua slaidi. Silaha za akiba ya jeshi hupakwa grisi nzito ya kuzuia kutu kabla ya kuwekwa ghalani kwa miaka. Mzee alikuwa ameisafisha aliponunua, lakini ndani ya tundu la kile kizuizi cha pini grisi ilikuwa imebaki, imekauka kama gundi. Kwenye joto ililainika, kizuizi kikarudi mahali pake baada ya kifyatulio kuachiwa. Kwenye baridi iligandamana, kizuizi kikabaki juu, mlango wa pili ukabaki wazi. Na wiki iliyotangulia Mzee alikuwa ametoka kupiga shabaha, akairudisha bastola moja kwa moja gereji.

Tukasafisha tundu lote. Tukaipoza tena. Mara ishirini, penseli imetulia kabisa.

Nikasema, "Mzee, tumemaliza."

Akanitazama kama ninavyowatazama vijana wanaokuja kwangu kufanya mazoezi ya kazi. "Tumeufunga mlango wa pili," akasema. "Lakini nyundo ilifikaje kwenye mlango wa pili?"

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Dalili imeondoka, chanzo bado kipo, na sasa kimefichwa vizuri zaidi kuliko jana. Akachukua ukanda wa karatasi, akauweka kati ya nyundo na slaidi, akaishusha nyundo kwa kitenzo. Nyundo ikidakwa, inasimama mbali kidogo na karatasi inachomoka bila shida. Isipodakwa, inailalia karatasi na kuibana. Ndani ya nyumba, kwenye joto, karatasi ilibanwa mara tatu kati ya ishirini.

Maana yake mlango wa kwanza ulikuwa mbovu siku zote, pengine kabla Mzee hajainunua. Kizuizi kiliuficha ubovu huo miaka na miaka, mpaka siku ya baridi kali.

Tuliipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni. Alikuta ukingo wa kile chuma kinachoidaka nyundo umelika, na palikuwa na alama za tupa. Mtu fulani zamani aliuchonga, huenda akitaka kifyatulio kiwe chepesi. Akaweka kipya, akapima, kisha akatoa ushauri mmoja: hata sasa, usitumie kitenzo kile chemba ikiwa na risasi. Mzee akakubali bila ubishi.

Binti alikuja Jumapili. Hatukumweleza sana. Tulikuwa tumeuhifadhi ule ukingo mbovu kwenye kiberiti, Mzee akampa na lenzi ya kukuzia. Akautazama, akakirudisha kiberiti mezani, akamwambia baba yake, "Ulisema kweli." Mazungumzo ya nyumba ya wazee hayakwisha siku ile. Sufuria zilikuwa bado ni sufuria. Lakini waliyazungumza wakiwa wamekaa meza moja, na bastola haikutajwa tena.

Sasa turudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi. Kabla ya safari ile nilikuwa nimeandika programu ya mauzo kwa duka moja la dawa Nairobi. Mwenye kukaa kwenye kaunta, dada mmoja mpole, alikuwa amelalamika kwamba mauzo mengine yanaingia mara mbili na yeye hajabonyeza mara mbili. Upungufu wa pesa kwenye hesabu ulikuwa unakatwa kwenye mshahara wake. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu: kosa la mtumiaji.

Usiku wa Jumapili ile nilifungua msimbo wangu upya. Jibu la seva likichelewa zaidi ya sekunde kumi, programu ilituma muamala ule ule tena, na seva haikuwa na njia ya kutambua kwamba ni ule ule. Ofisini kwangu mtandao ulikuwa wa kasi, sikuwahi kuliona. Dukani Ijumaa jioni mtandao ulikuwa wa kusuasua. Nilirekebisha pande zote mbili: programu isikimbilie kurudia, na seva ikatae muamala wenye namba iliyokwisha kuingia. Kisha nikampigia simu mwenye duka nikamwambia kosa ni langu, dada yule arudishiwe pesa zake.

Alirudishiwa.

Daftari lile bado ninalo. Yale maneno matatu nimeyakata kwa kalamu nyekundu, na sijayaandika tena mpaka kwanza nimeuliza: ulikuwa wapi, na kulikuwa na baridi kiasi gani?

Haya, tukutane juma lijalo, nitaendelea na somo letu la hifadhidata.