Kitabu Kimoja Tu

Nilipomaliza kidato cha nne nilijiapiza: mchana kompyuta, usiku riwaya yangu. Mama akauza kitenge chake kipya, akanipa hela ya kitabu kimoja tu. Sasa ndugu msomaji, kimoja hicho unakichaguaje?

Kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta niliviacha vile vinene vinavyoahidi ufundi kwa wiki tatu. Nikachukua chembamba, cha Kernighan na Ritchie, kinachofundisha lugha ya C, toleo la 1988. Nikakisoma kama hadithi, kurasa hamsini usiku mmoja, mazoezi nikayaruka. Kesho yake, kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa, nikaandika programu ya kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi. Majibu yote sifuri! Hela ikateketea bure. Kumbe sura ya kwanza ilishaonya: ukigawa 5 kwa 9 zikiwa namba kamili, C hukata sehemu zote, inabaki sifuri.

Nililia, nisikufiche. Siku hizi nasoma kalamu mkononi, na vya hesabu vilevile. Kitabu kisicho na mazoezi sikinunui. Mama huniuliza, “Umefika wapi, mwanangu?” Ukurasa wa ishirini, mama. Lakini huo naujua.