Mlinzi Aliyezeeka Mlangoni

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma hadi mwisho. Unasema Windows ilijisasisha usiku, asubuhi antivairasi ya ofisi, iliyokwisha leseni, ikagoma kufunguka, kompyuta zikaganda, na kila mwenye kazi ya haraka akakujia juu wewe. Sasa unataka kuzima masasisho mpaka mambo yatulie. Hasira yako naielewa, ila uamuzi wako naupinga.

Antivairasi si sawa na programu ya kuandikia barua. Ili ikague kila faili kabla halijafunguliwa, lazima iingie ndani kabisa ya mfumo endeshi, hadi kwenye kiini chake. Baadhi ya watengenezaji, kwa tamaa ya kuona zaidi, walijishikiza mahali ambapo Microsoft haikuwahi kuahidi kwamba patabaki palivyo. Mwenye nyumba akihamisha ukuta wake, aliyeutundikia nguo bila ruhusa atazikuta chini. Sikwambii kwamba antivairasi mpya hazianguki. Aprili 2019 masasisho ya Windows yaligandisha kompyuta zenye Sophos, Avast na Avira, nazo zilikuwa programu zenye wenyewe. Tofauti ni kwamba iliyo hai ina mtu wa kuirekebisha, na iliyokwisha leseni hubaki pale pale ilipoangukia. Kwa hiyo ubovu mnaoulalamikia ulikuwepo kabla ya usiku ule. Sasisho limeutoa hadharani.

Na ungeweza kubaki umejificha, jambo ambalo ni baya zaidi. Januari 2018, kasoro za vichakataji zilizoitwa Meltdown na Spectre zilipotangazwa, Microsoft ilitoa dawa upesi, lakini katika majaribio ilikuwa imeona kwamba antivairasi zilizokuwa zikigusa kumbukumbu ya kiini kwa njia zisizoruhusiwa zingeiangusha kompyuta kwenye skrini ya bluu, pengine isiwake tena. Ikaweka sharti: kila antivairasi iandike alama maalumu ndani ya rejista ya Windows kuthibitisha kwamba inapatana na sasisho. Kompyuta isiyo na alama hiyo ilikosa dawa ile, na ikakosa pia masasisho ya usalama yaliyofuata, hadi sharti lilipoondolewa, Machi kwa Windows 10 na Aprili kwa Windows 7. Hebu fikiri: mlinzi aliyewekwa kuzuia wezi akawa anamzuia fundi wa kufuli. Na ilikuwa rahisi mtu asigundue, kwa sababu kompyuta zilikuwa zinawaka vizuri na watu wanachapa kazi. Ofisi yako imepata bahati ya kelele.

Ukizima masasisho, unachonunua ni ule ukimya. Bei yake inajulikana. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu ambao programu haribifu ya WannaCry ilikuja kuutumia Mei 12, siku 59 baadaye. Muda wa kukiweka ulikuwepo. Hata hivyo huduma ya afya ya Uingereza ilivurugika: wakaguzi wa serikali walihesabu taasisi 80 kati ya 236 za hospitali na afya huko England zilizoathirika, na wagonjwa wakaahirishiwa miadi kwa maelfu. Kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyowekewa kiraka au iliyokwisha kuachwa na mwenyewe. Sidhani kama waliochelewa walikuwa wazembe wote. Wengi wa kazi yenu huahirisha kwa hofu ile ile uliyo nayo leo, kwamba kitu fulani kitavunjika na wao ndio watakaolaumiwa.

Najua utanijibu kwa CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, na ni jibu zito. Julai 19, 2024, faili moja lenye kasoro, lililotumwa na mlinzi mwenyewe, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5. Liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilihitaji mtu aende akalifute kwa mkono, moja baada ya nyingine. Basi si kila jipya ni salama. Ila soma vizuri kilichotokea: faili lile lilipelekwa kwa wateja kila mahali kwa mkupuo, na kampuni yenyewe baadaye iliahidi kupeleka kwa awamu. Funzo liko kwenye awamu. Tenga kompyuta tano au sita za idara mbalimbali, usisahau ya mhasibu, maana huko ndiko kwenye programu za ajabu ajabu. Sasisha antivairasi kwanza, kisha Windows. Ngoja siku chache, halafu endelea na zilizobaki. Siku chache, mpwa wangu, si miezi.

La fedha nalo nimelisikia: bosi hatoi pesa ya leseni. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hapa kuna njia isiyo na gharama. Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, nayo huamka yenyewe usipoweka antivairasi nyingine. Iliyokwisha leseni ing'oe kabisa, kwa zana ya kung'olea ya mtengenezaji wake, maana mabaki yake huendelea kugombana na mfumo. Na kumbuka Windows 10 yenyewe iliishiwa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hiyo bajeti ya kompyuta mpya usiache kuiomba, kwa maandishi, ili ikikataliwa ijulikane nani aliyekataa.

Jumatatu anza masasisho kwenye hizo kompyuta chache, kisha andika orodha: kila kompyuta ya ofisi, toleo la antivairasi iliyomo, na tarehe ya leseni kuisha. Nitumie nakala.

Mjomba wako