Kompyuta inayozima katikati ya gemu: usikimbilie kununua kadi



Ukishajulikana mtaani kwamba umesomea sayansi ya kompyuta, basi wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na shahada yangu haikunifundisha kushika bisibisi, lakini jaribu kumweleza hivyo jirani aliyekuja na redio kwapani. Nimeshazoea. Katika maswali yote ninayoletewa hapa Nakuru, moja linarudi kila mara: kompyuta inafungua intaneti, inacheza filamu, haina shida, lakini ukiweka gemu inazima. Leo tulizungumzie hilo, kwa sababu nimeona watu wakilipa pesa nyingi kutibu ugonjwa ambao hawana.

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye chumba cha gemu kule Kaptembwa aliniletea mashine yake. Ana PlayStation tatu na kompyuta moja, na hiyo kompyuta ndiyo inayoleta wateja wakubwa, wale wanaolipa saa nzima bila kuombwa. Ilikuwa inazima ghafla, giza, halafu inajiwasha yenyewe. Fundi wa kwanza alimwambia kadi ya grafiki imekufa. Wa pili akasema vivyo hivyo, akaongeza kwamba anaweza kuichukua hiyo mbovu kwa shilingi 2,000 na kumuuzia nyingine kwa 16,000. Kijana alikuwa ameshaanza kuzungumza na watu wa mikopo. Mashine yenyewe ilinunuliwa na mama yake, mkulima wa viazi Molo, kwa akiba ya misimu miwili, na yeye ndiye angesimama mdhamini. Akanipigia simu mwenyewe. "Mwanangu, hiyo kitu imekufa ama imelala?" Nikamwomba siku mbili.

Kwanza, kwa nini gemu? Ukisoma barua pepe, prosesa inafanya kazi kidogo na kadi ya grafiki karibu imelala. Gemu inaamsha kila mtu kwa wakati mmoja: prosesa, kadi, RAM, diski, tena kwa saa nzima bila kupumzika. Kwa hiyo gemu haiharibu kompyuta, inaonyesha tu palipo dhaifu. Na kila udhaifu una namna yake ya kufa. Joto likizidi, kwa kawaida mashine hupunguza mwendo kwanza, picha zinaanza kukwama, feni zinapiga kelele, ndipo inazima. RAM mbovu huleta skrini ya buluu, leo na ujumbe huu, kesho na mwingine. Draiva ya grafiki ikikosea, mara nyingi gemu inajifunga au skrini inakuwa nyeusi kidogo kisha inarudi, huku kompyuta yenyewe ikiendelea kuwaka. Umeme ukikosekana ndani ya mashine, hakuna ujumbe wala kelele, ni kama mtu amechomoa waya ukutani. Hii si sheria, lakini inakuonyesha pa kuanzia.

Daftari la matukio la Windows lilikuwa na tukio namba 41, Kernel-Power, limejirudia mara kumi na kitu. Wengi wakiona neno "Power" hapo wanadhani wameshapata jibu. Hapana. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Kilichonisaidia ni kuangalia ndani yake: BugcheckCode ilikuwa 0 kila mara, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa.

Hata hivyo nilianza na joto, kwa sababu hapa kwetu joto lina wasaidizi wawili. Wa kwanza ni vumbi. Inasemekana jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na aliyewahi kuanika nguo hapa mwezi wa pili hatabisha. Ukielekea Gilgil kuna machimbo ya diatomaiti ya Kariandusi, unga mweupe mwepesi ambao viwandani hutumika pia kuzuia joto lisipite. Sidai kwamba ndio uliokuwa ndani ya mashine hii, ila mapezi ya kipoza joto cha prosesa yalikuwa yamevaa blanketi.

Msaidizi wa pili watu hawamfikirii: mwinuko. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa nyepesi zaidi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Bahati yetu ni kwamba Nakuru kuna baridi kuliko Mombasa, kwa hiyo tunarudishiwa sehemu ya tulichopoteza.

Nilipuliza vumbi nje (feni zishike kwa kidole zisizunguke), nikabadilisha pesti ya prosesa, nikapima kwa HWiNFO. Prosesa nyuzi 71 ikiwa kazini, kadi 76. Salama kabisa. Gemu ikazima baada ya dakika sita.

Basi nikafanya ninavyofanya na programu yenye hitilafu, yaani kutenganisha. Memtest86 usiku kucha: RAM safi. Prime95 inayochosha prosesa peke yake, nusu saa: sawa. FurMark inayochosha kadi peke yake, dakika ishirini: sawa. Hapo ndipo nilipojua kadi haijafa, maana kadi mfu haiwezi kuvumilia FurMark dakika ishirini. Nikawasha zote mbili pamoja. Dakika ya nne, giza.

Sasa hesabu. Kadi ni GTX 1060, ambayo imepangiwa wati 120. Prosesa ni Core i5-4570, wati 84. Jumla 204 kabla hujahesabu diski, feni na madabodi. Pawa saplai ilikuwa imeandikwa "500W" kwa herufi kubwa. Lakini ukisoma jedwali dogo la pembeni, laini ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi, ilikuwa ampea 18. Zidisha: wati 216. Hiyo 500 ilitoka wapi mimi sijui, labda ni namba ya posta.

Nikachukua multimita na kupima kwenye plagi ya zamani ya diski, waya wa njano kwa mweusi. Mashine ikipumzika, volti 12.08. Kadi peke yake, 11.63. Zote mbili, ikashuka hadi 11.2, kisha ikazima. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani isipungue 11.4. (Tafadhali, pima kwenye plagi za nje tu. Usifungue sanduku la pawa saplai. Kapasita zilizomo hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.)

Nikampigia mama wa Molo. Nikamwambia haikufa, ilikuwa inalala njaa. Alicheka, kisha akauliza chakula ni pesa ngapi. Ni 4,500, pawa saplai iliyotumika lakini ya kampuni inayoandika ukweli, ampea 34 kwenye laini ya volti 12. Jaribio la pamoja sasa linakwenda saa nzima na volti hazishuki chini ya 11.9. Kadi ni ile ile iliyokuwa iuzwe 2,000.

Kimebaki kitu kimoja ambacho nimemwachia kijana akiangalie. Umeme wa Kenya ni volti 240, lakini kwenye soketi yake, saa mbili usiku mtaa mzima ukipika na kutazama taarifa, nilipima 195. Akiba ya umeme ndani ya kapasita za pawa saplai rahisi hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo hapo unabaki na theluthi mbili tu, na umeme ukipepesa kidogo inaweza isitoshe. Kwa sasa gemu haizimi. Nimemwambia aandike kwenye daftari saa na tarehe ikizima tena, na kama ikianza kuzima jioni tu, tutatafuta stabilaiza, si kadi.