Saa za Mwisho za Kibo



Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hupumzika jioni katika kituo cha Kibo, takriban mita 4,700 juu ya bahari, kisha huamshwa karibu na saa sita ya usiku. Kuondoka usiku kuna hekima mbili. Changarawe za mteremko ule hugandishwa na baridi zikashika mguu, na jua likipanda hulegea, ukapiga hatua mbili ukarudi moja. Tena mwenye kufika alfajiri hubakiwa na mchana wote wa kushukia.

Baada ya saa nyingi gizani hufika Gilman's Point, ukingoni mwa shimo la volkeno, na wengi hudhani wamemaliza. Lakini kilele cha Uhuru, mita 5,895, kingali mbele, na pumzi moja huko huleta kama nusu tu ya oksijeni tuipatayo Mombasa. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, na akili, iliyo hakimu, huenda ikavurugika. Ikifikia hapo, dawa ni kushuka hima.

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alitoka Mombasa na msafara kuuelekea mlima huo. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu. Mwaka 1888 safari yake ikakatizwa na vita vya Abushiri. Tarehe 3 Oktoba, yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika ukingoni wamechoka, mchana umekwisha pinda, wakakiona kilele walichokitafuta. Wakageuka. Walirejea kambini, alikowangoja Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyevumilia baridi ile akilinda kambi na kuwapikia. Wakapumzika, wakasogea juu wakalala pangoni, na tarehe 6 wakasimama kileleni, watu wa kwanza wanaojulikana kufika hapo.

Siku hizi wana wetu nao huomba ruhusa ya kwenda huko. Mzazi akitaka kutoa radhi, na amwulize mwanawe: utageuka saa ngapi, na nani mwenye neno la kukugeuza? Kiongozi akisema turudi, na atiiwe papo hapo, hata kama kilele kinaonekana. Uhai ni amana, na nyumbani kuna anayengoja. Mlima hauhami, aliyerudi salama ataukuta mwaka ujao, inshallah.