Barua ya Balozi

Ndugu msomaji, usinicheke. Kisa hiki ni cha kompyuta, lakini kilinitoa jasho kuliko kupanda milima ya Umatengo na gunia la mahindi begani.

Nilikuwa katika miezi ya majaribio kwenye ofisi moja ya kahawa hapa Mbinga. Seva zetu zilikuwa mbili, Windows zote, zimeunganishwa kama wapiga kasia wawili wa mtumbwi mmoja: huyu akichoka, yule anashika. Wenyewe wanaita klasta.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Seva ya kwanza ikazima, ya pili ikashika kazi. Nikalala nikijisifu. Asubuhi wahasibu wanafungua folda ya malipo, wote wanaambiwa hawana ruhusa. Nje wakulima wamejaa kwenye mabenchi. Mkuu akaniita.

"Kijana, umefunga hela za watu?"

"Hapana mzee."

"Sasa nani kafunga?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi mezani mikono inatetemeka. Kwenye ruhusa za kushiriki folda nikawapa watu wote kila kitu. Wapi! Bado wamekataliwa. Hapo nikakumbuka kwamba folda ya mtandaoni ina milango miwili: lango la uani, yaani ruhusa za kushiriki, na mlango wa chumba, yaani ruhusa za diski yenyewe. Ukifungua lango na mlango ukabaki na kufuli, hujafungua kitu.

Basi nifungue na mlango? Kidole kilikuwa tayari. Lakini mle ndani mna kilo za kila mkulima na shilingi zake. Mlango ukiwa wazi kwa wote, yeyote ofisini angeweza kufuta sifuri moja, na mzee wa kijijini asijue kamwe. Nikaondoa kidole.

Nikasoma orodha ya wenye ruhusa. Mahali pa jina la kikundi cha wahasibu palikuwa na namba ndefu isiyo na jina. Moyo ukapiga paa! Nilipotoka Liuli kuja kupanga chumba huku, nilibeba barua ya balozi wetu. Mwenye nyumba akaisoma, akanirudishia: "Balozi huyu simjui." Kile kikundi kilikuwa cha seva ya kwanza tu, kimeandikwa kwenye daftari lake. Seva ya pili itamjulia wapi?

Nikaunda kikundi kipya kwenye domeni, ambayo seva zote mbili zinaitambua, nikakipa ruhusa kwenye folda, nikafunga lile lango nililoliacha wazi. Wahasibu wakajaribu, wapi tena! Nikawaambia watoke waingie upya, maana kitambulisho cha kikundi hutolewa pale mtu anapoingia. Folda ikafunguka.

Jioni nilihamisha kazi kutoka seva hadi seva, mara mbili. Safari hii hakuna aliyefungiwa nje.

Lakini kile kikundi cha zamani nani alikiunda? Mimi, wiki yangu ya kwanza. Ningeweza kusingizia umeme, na mkuu angeamini. Nikaenda nikamwambia. Alininyamazia muda mrefu, kisha akauliza, "Wakulima wamelipwa?"

"Wanalipwa, mzee."

"Basi kaandike ulivyofanya, mwenzako asije akapotea."

Ndiyo nimeandika.