Mwalimu Aliyekuja na Muwa Darasani

Wasee, leo niwaambie kuhusu mwalimu wetu wa kemia, kidato cha tatu, hapa Kakamega. Kabla ya kushika chaki alifanya kazi kiwandani Mumias, upande wa kupika sukari. Kampuni ilipoanza kuyumba, kabla hata mrasimu hajaingia mwaka 2019, akarudi chuo, akafanya diploma ya uzamili ya ualimu, akapata namba ya TSC.

Wiki za kwanza zilikuwa noma. Kujua alijua, lakini alitupita kama matatu ya Kisumu. Sisi tulinakili tu.

Aliyemwokoa ni madam wa bayolojia, mkongwe. Alikaa nyuma ya darasa letu vipindi vitatu, halafu wakawa wanaongea sana pale nje. Kipindi kilichofuata mwalimu akaingia na kipande cha muwa.

"Hapa ndani kuna maji na sukari. Nikichemsha juisi yake kwa sufuria mpaka maji yaishe, nitapata sukari nyeupe?"

Tukasema ndiyo. Akacheka. "Mtapata kitu cheusi kimeungua."

Akatueleza: kiwandani wanatia chokaa uchafu utulie chini, kisha wanachemsha kwenye mtungi uliopunguzwa hewa. Presha ikishuka, maji yanachemka kwa joto la chini, na sukari haiungui. Hiyo nilielewa mara moja, na mpaka leo sijasahau.

Muhula uliofuata madam akahamishwa. Mwalimu akaambiwa na wakubwa aache hadithi za kiwanda, amalize silabasi. Akaanza kutusomea noti. Muwa hatukuuona tena.

Sipingi cheti. Sheria ya TSC ya 2012 inataka kila mwalimu asajiliwe, na ni sawa, kwa sababu kujua kazi si kujua kuifundisha. Hilo tuliliona. Lakini ukimwajiri mtu kisha umwambie asahau miaka yake yote ya kazi, umeajiri nusu yake.

Tangu Januari 2026 tuko na Gredi ya 10, na kila mtu anaimba masomo ya vitendo. Basi walimu kama hawa wapewe mkongwe wa kuwashika mkono mwaka wa kwanza, na nafasi ya kuleta muwa wao darasani.

Na wewe uliye shuleni, kama uko na mmoja, muulize alikuwa akifanya nini kabla. Huenda hakuna mtu amewahi kumuuliza.