LAGANGABILILI: Jina refu, lori refu, kona fupi

Haya jamani, wiki hii safu yenu imehama mjini. Kama hujui Lagangabilili iko wapi usione aibu, maana hata makonda wengine wa Mwanza ukiwatajia wanaanza kuumauma maneno. Ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012. Jina peke yake lina herufi 13. Likiandikwa kwenye kibao cha barabarani ni semi trela kabisa, mwanzo unauona, mwisho mpaka uchungulie.

Ukishuka hapa mchana, salamu ni "mwadila", na ukimpata mama mwenye roho nzuri utapewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Tafuna polepole, kaka, vinataka meno. Watu wa hapa ni ng'ombe na pamba, pamba na ng'ombe. Na pamba ndiyo iliyonileta kwenye stori ya leo, stori ya urefu wa magari.

Najua unasema huyu dogo kaishiwa mada. Subiri kwanza.

Pamba ina tabia moja ya ajabu. Ni nyepesi lakini inajaza. Lori la saruji linaonekana tupu huku tairi zinalia. Lori la pamba mbegu limejaa mpaka turubai linagusa matawi, lakini ukilipandisha kwenye mizani halijafika hata karibu na kikomo. Kwa hiyo mwenye lori la pamba haumizwi kichwa na tani. Anaumizwa na nafasi. Na akikosa nafasi anafanya nini? Anakwenda gereji, chesisi inakatwa, inaungwa, bodi inarefushwa. Fuso iliyotoka kiwandani na umbo la heshima inarudi na mkia kama mamba.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kwa Tanzania, lori la kipande kimoja, lisilovuta kitu, mwisho wake ni mita 12.5. Lori linalovuta tela nyuma, vyote kwa pamoja, mwisho mita 22. Ukizidi hapo unatakiwa uwe na kibali maalumu cha TANROADS, kama wale wanaobeba mitambo ya migodi na kutanguliwa na gari lenye taa za kuwakawaka. Sasa nani amewahi kuona lori la pamba likitanguliwa na king'ora?

Kuhusu uzito kila mtu ana la kusema. Oktoba 2013, marehemu John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, alifuta ule msamaha wa asilimia 5 ya uzito uliokuwa unatolewa kwenye mizani. Wenye malori wakagoma, magari yakalala barabarani, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na msamaha ukarudi. Nchi nzima ilizungumza. Lakini umewahi kusikia mgomo wa urefu? Hakuna. Uzito una wenyewe, urefu ni yatima.

Bibi yake huyu yatima nilimwona Lagangabilili mwenyewe, msimu wa pamba. (Ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei, mvua zikiwa zimekata.) Semi moja ndefu ilikuja kufuata mzigo kwenye ghala la chama cha msingi. Kichwa kilipita kwenye kona vizuri, dereva katoa mkono dirishani kama mfalme. Lakini gari refu lina siri yake: tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakata kona kwa ndani. Za mbele zilikuwa barabarani, za nyuma zikapanda ukingo wa kalavati. Puuu! Tela likalala ubavu kidogo, likakaa.

Halikuanguka, ashukuriwe Mungu. Ila njia ikafungwa. Bajaji, bodaboda, gari la wagonjwa, mkokoteni wa ng'ombe, wote foleni. Mzee mmoja mwenye fimbo akamwendea dereva.

"Kijana wangu, kwani hukuona kona?"

"Niliiona, baba. Niliona kichwa kinapita."

"Na mkia ulimwachia nani?"

Watu tulicheka, lakini dereva hakucheka. Ilipita karibu nusu siku ndipo trekta ikaja kuvuta. Na kwa sababu semi haikuthubutu kusogea tena kwa ndani, pamba ikabidi ifaulishwe: Canter zinabeba kidogo kidogo kutoka ghalani, zinatoa kwenye semi iliyosimama kwenye njia pana. Vijana wa kupakia wanalipwa mara mbili, kupandisha na kushusha. Hizo hela unadhani zinatoka mfukoni mwa nani? Mnunuzi akipiga hesabu zake za usafiri, anayebaki na kilo zake mkononi ni mkulima.

Basi nikamkalia tandiboi wa lile semi, kijana wa rika langu, tukala chai na maandazi. Akanipa darasa. Anasema gari lao likitoka Bariadi lina njia mbili: kushoto kwake Maswa hadi Mwigumbi, ukatokee barabara ya Shinyanga, au kwenda Lamadi. Ukifika Lamadi unashika barabara kubwa ya Mwanza na Musoma. Ukielekea kaskazini unapita mizani ya Rubana upande wa Bunda, halafu Tarime, halafu Sirari, na ng'ambo ni Isebania, Kenya. "Mwanangu," akaniambia, "zamani ukivuka pale ilikuwa kama umeingia sayari nyingine."

Hakudanganya. Kulikuwa na miaka ambayo Kenya ilikuwa inakata kikomo kwenye tani 48, Tanzania na Uganda 56, Rwanda na Burundi 53. Lori lile lile, mzigo ule ule, dereva yule yule, halali Sirari, mhalifu Isebania. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki likapitisha sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari, kikomo tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2019. Kwa hiyo leo mizani inazungumza lugha moja kutoka Sirari mpaka Rusumo. Angalau kwenye karatasi.

Usifikiri ni sisi tu maskini tunaohangaika. Wamarekani wenzetu, wale wenye hela zao, wana magari ya kulala yenye kitanda, jiko, choo na televisheni. Nyumba imewekewa magurudumu. Mzee anastaafu, anauza vitu, anazunguka nchi na mke wake. Raha tupu, eh? Lakini nchi ile ina majimbo 50 na kila jimbo lina tepu yake. California inaruhusu nyumba hizo zifike futi 45, yaani mita 13.7, ila zikizidi futi 40 dereva lazima awe na leseni ya daraja la juu na apite barabara zilizoteuliwa tu. Ukivuta kitu nyuma, jumla isizidi futi 65. Jimbo moja linakuruhusu kuvuta nyumba na nyuma yake boti, jimbo la jirani linakwambia fungua kimoja. Kuna barabara ya mlimani ndani ya hifadhi ya Glacier, huko Montana, ambayo gari refu kuliko futi 21 halipiti sehemu ya juu. Futi 21 ni mita 6.4! Canter yenye bodi ndefu ingerudishwa getini.

Wazungu wa namna hiyo tunao hata huku. Simama Lamadi karibu na geti la Ndabaka, la kuingilia Serengeti, utayaona malori yao ya kutalii, yamejengewa viti na hema, mengine yameteremka kutoka Kenya, mengine yamepanda kutoka Afrika Kusini. Na hawa ndio walionishangaza. Dereva wao mmoja niliyemkuta pale anapima. Ana daftari limeandikwa urefu, upana, kimo, uzito, kwa sababu hata ada ya gari ndani ya hifadhi inategemea uzito na limesajiliwa wapi. Sisi dereva wetu ukimuuliza gari lake lina mita ngapi anakujibu, "Linabeba magunia mia mbili."

Kwa nini mita zinahesabiwa lakini? Wengine wanasema ni ulaji wa trafiki. Mimi nasema chukua kalamu. Basi la mita 12 liko mwendo wa 80, mbele yake lori na tela, mita 22, mwendo wa 60. Ukiacha nafasi ya mita 20 kabla na 20 baada, basi linahitaji sekunde 13 kumaliza kulipita, na ndani ya sekunde hizo limekula karibu mita 300 za barabara likiwa upande wa watu. Anayekuja mbele naye, kama ana 80, kala mita 300 zake. Jumla mita 600 lazima ziwe wazi. Zile mita 9.5 zinazotofautisha lori lenye tela na lori la kipande kimoja zinamwongezea dereva wa basi karibu mita 40 za kukaa roho mkononi. Sasa piga picha saa moja jioni kati ya Bariadi na Lamadi, ng'ombe wanarudi zizini.

Na huo mkia uliorefushwa gereji ndio mbaya zaidi. Lori likikata kona kulia, sehemu iliyoning'inia nyuma ya tairi inapepea kushoto. Dereva haioni. Anayeiona ni wa baiskeli aliyesimama pembeni kwa adabu akisubiri mkubwa apite.

Nilimuuliza tandiboi kama lile semi lao limeshawahi kupimwa kwa tepu. Akafikiri, akameza andazi.

"Uzito kila siku. Urefu, sijaona."

"Ukipimwa je?"

"Kiwandani lilitoka halali," akasema. "Ila bosi aliongeza kibampa cha nyuma, kile cha chuma, na sanduku la vifaa. Sijui vinahesabika?"

Vinahesabika, kaka. Tepu inaanzia ncha ya mbele inaishia ncha ya nyuma, na kibampa cha bosi kimo humo humo. Alinyamaza, akatoka nje, nikamwona anahesabu hatua pembeni ya tela, akifika mwisho anarudi anaanza upya.